K ya Kaa: Kumfundisha Mtoto wa Nasari Herufi Moja kwa Vitu vya Nyumbani

Somo la leo ni la watoto wa miaka minne na mitano, wale wa PP1 na PP2. Tutashika herufi moja tu, nayo ni K. Vifaa vyote viko uani kwako.

Kwanza tuelewane kwa nini herufi moja. Mzazi akimpeleka mtoto nasari anataka kuona daftari limejaa. Mwalimu naye akiona wazazi wamenuna, anampa mtoto anakili a mpaka z kwa wiki mbili. Mtoto anaimba herufi zote vizuri sana, wageni wakija anapigiwa makofi. Lakini hebu mchoree K peke yake mchangani, umuulize hii ni nini. Atakutazama tu, au ataanza kuimba toka a ili aifikie. Huyo hajui K, anajua wimbo. Akifika Gredi ya kwanza na hali hiyo kitabu kinamshinda, na wenzake wanaanza kumwita mjinga. Wengine huacha shule bado wadogo kwa sababu ya aibu iliyoanzia hapo.

Piga hesabu kidogo. Kiswahili hakitumii q wala x, na c haisimami peke yake, huwa ch. Zinabaki herufi 23, na ch inakuwa ya 24. Moja kwa wiki ni wiki 24, na mihula mitatu ya mwaka ina wiki nyingi kuliko hizo. Haraka ya nini?

Vikundi vingi vikitaka kusaidia nasari hufikiria kununua chati za duka. Hatuzikatai, ila zitazameni vizuri kabla ya kutoa pesa za kikundi. Nyingi zimechapishwa kwa Kiingereza. Kwenye K kuna picha ya mfalme amevaa taji. Mtoto wa Kwale akiiona anasema "mfalme", na amesema kweli. Sasa mwalimu anamwambia hiyo ni K. Mtoto afanye nini? Ataacha kuamini masikio yake, na masikio ndiyo jembe lake la kusomea.

Jambo hili si geni hapa pwani. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani walitafuta namna ya kuwapa watoto wao elimu nzuri ya chekechea pamoja na ya dini. Kwa msaada wa Shirika la Aga Khan, mpango wa chekechea za madrasa ulianza Mombasa, na Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walimu wake wa kwanza. Vifaa vya kufundishia vilitengenezwa kwa vitu vya kijijini, na wanakijiji wenyewe ndio walioziendesha shule. Baadaye mpango ulifika Zanzibar na Uganda. Sisi wa kanisa tusione haya kujifunza kwa jirani. Tena, Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, lakini kaunti hata ikijenga darasa zuri, vitu vya kushika ndani yake ni lazima mtu avitengeneze.

Haya, tuchague vitu vya K. Hapa pana mitego, someni polepole.

Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno vitu vikiwa vingi. Kifuu kimoja ni K, lakini ukiweka vitatu mkekani mtoto atasema "vifuu", na hiyo ni V. Kuti likiongezeka ni makuti, kikapu ni vikapu, kumbi ni makumbi. Kwa hiyo weka kimoja kimoja. Kuku na kamba hazina shida, hazibadiliki. Mtego wa pili ni majina ya kwetu. Vitabu vingine vina K ya kanga, lakini mtoto wa huku ataitazama ile nguo na kusema "leso". Kibao cha kukunia nazi yeye anakiita mbuzi. Basi kabla ya kuchagua kitu muulize mtoto mwenyewe, "hiki kinaitwaje?" Jibu lake ndilo linalotawala. Kama nyumbani wanazungumza Kidigo, Kiduruma au Kikamba, waulizeni nyanya na babu maneno yao yanayoanza kwa sauti hiyo, yaingieni kikapuni pia. Kaya, kwa mfano, kila Mdigo na kila Mduruma analijua.

Na herufi itamkwe kwa sauti yake, fupi, kama mtu anayekata kijiti: k, k, k. Ukimfundisha "kei" ya Kiingereza, atasoma "kei-a-a" na hatafika kwenye kaa hata siku moja.

Siku ya kwanza tengenezeni K ya chelewa. Chukua chelewa za fagio kuukuu, uzioshe, ukate kipande kimoja cha urefu wa shibiri na viwili vya nusu yake. Ncha zote zisuguliwe kwenye jiwe zisichome macho. Kila mtoto apate vipande vyake vitatu. Kirefu kinasimama, ndio mgongo. Vifupi viwili vinakutana katikati ya mgongo, kimoja kinapanda na kingine kinashuka. Mwambie ni mtu anatembea: ametupa mkono juu na mguu mbele, anakwenda upande wa kulia, kule maandishi yanakokwenda. Ukitaka k ndogo, teremsha mkono, mgongo uachwe ulivyo. Mtoto ataijenga na kuivunja mara ishirini kwa asubuhi moja bila kumaliza hata ukurasa wa daftari.

Siku ya pili ni K ya mchanga. Kata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kitabu. Gundi tunapika wenyewe: vijiko viwili vya unga wa muhogo vikorogwe kwenye kikombe cha maji baridi, weka motoni ukikoroga mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa, kisha uache upoe. Mwalimu anachora K kwa kaa la jikoni, mtoto anapaka gundi kwa kidole kufuata mchoro, halafu ananyunyiza mchanga mkavu. Ikikauka, afumbe macho aipapase kutoka juu kwenda chini. Huyu mtoto asiyeona vizuri ubaoni, ambaye hakuna aliyegundua kwamba haoni, utamjua siku hii: kwa kidole anaweza, kwa macho hawezi. Mpelekeni kliniki.

Siku ya tatu ndiyo wanayoipenda kupita zote. Chimba udongo wa kichuguu, uloweke, uukande. Kila mtoto afinyange donge bapa kama andazi. Achomeke vipande vya chelewa, vinne upande huu na vinne upande ule, na mbele magando mawili ya udongo. Amepata kaa! Na hesabu ya miguu minane amepata bure. Mgongoni mwa kaa aandike K kwa kijiti kabla udongo haujakauka. Halafu chezeni: mwalimu akisema "kaa" watoto wote wanakaa chini, akisema "simama" wanasimama, na akionyesha kaa la moto lililozimika wanacheka, maana nalo ni kaa. Neno moja, mambo matatu, herufi ni ile ile.

Siku ya nne tia vitu kikapuni: kijiko, kamba, kata ya maji, kitana, kopo, kiatu, kalamu. Changanya na visivyo vya K kama sahani, jiwe, mwiko na leso. Mtoto anatoa kimoja, anakitaja, anasikiliza mwanzo wake. Cha K anakiweka ndani ya duara la kamba, kisicho cha K nje. Akikosea usimwambie "la". Mwambie ataje tena polepole, mara nyingi atajirekebisha mwenyewe. Siku ya tano ni kofia ya ukuti au ya karatasi yenye K mbele, aende nayo nyumbani. Sipendi sana kazi za kupeleka nyumbani, kwa sababu mara nyingi huwa ni mama aliyezifanya, lakini hii ina faida: njiani kila mtu atamuuliza "hiyo ni nini?" naye atajibu mara kumi.

Sasa kuna jambo linalowasumbua walimu wengi. Mtoto anaandika K imegeuka, mkono na mguu vinaelekea kushoto. Anapigwa. Jamani, watoto wa umri huu hugeuza herufi popote duniani, wengi wao mpaka miaka sita au saba. Na kwetu kuna sababu nyingine ya pekee. Watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukiandika kwa hizi za Kirumi, na watoto wetu wengi hadi leo asubuhi wako nasari na jioni wako chuoni. Chuoni anaanzia kulia, nasari anaanzia kushoto. Akigeuza K, amefuata njia aliyoonyeshwa kule. Dawa si kiboko. Weka nukta nyeusi ya makaa upande wa kushoto wa ubao au karatasi, mwambie "nasari tunaanzia hapa". Zungumzeni pia na ustadhi wake, mkubaliane namna ya kumweleza mtoto. Mtoto anayeweza njia mbili ana akili, hana kasoro.

Tahadhari. Korosho mbichi yenye ganda isiingie kikapuni hata kidogo, mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na mdomo. Ichoreni tu, au mlete iliyokwisha kubanguliwa. Kunde na mbegu ndogo ni za watoto wakubwa, hawa wadogo huzitia puani na masikioni. Vijiti visikatwe kaya: Kaya Kinondo na nyinginezo zina miiko yake, hakuna kitu kinachotolewa mle, na tangu mwaka 2008 baadhi yake, Kinondo ikiwemo, ziko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kome na kauri walio hai waachwe baharini. Vifaa vikitumika vianikwe juani kabla ya kuhifadhiwa, la sivyo masika yakiingia makumbi na maboksi yataota ukungu.

Ijumaa mpime mtoto hivi: mwite peke yake, mwonyeshe K katikati ya M na S, bila wimbo. Akiitambua, akataja vitu viwili vya K ambavyo havimo kikapuni, herufi imeingia. Asipoweza, wiki ijayo ni K tena, kwake yeye.

Kwa mkutano wenu unaofuata jadilianeni. Nani atakata chelewa na kupika gundi kila Jumatatu, ili mwalimu asiachiwe kazi yote? Kuna watoto wangapi wa umri huu kijijini ambao hawaji nasari kabisa, na ni kwa sababu ya ada, ya umbali, au ya kutunza mdogo wake nyumbani? Na wiki ya N, tuweke nini zaidi ya nazi?