Herufi Chakavu kwa Bango la Mkahawa

Swali: Nafungua mkahawa wa samaki Homa Bay. Fundi wa mabango anapendekeza herufi chakavu, kama rangi iliyobanduka. Zitanifaa?

Jibu: Zitafaa kwa jina la mkahawa tu, na liwe kubwa. Sura hiyo unayo nyumbani: tazama maandishi ya mashua za Mbita, au za Muhuru Bay kule Migori, jinsi jua na maji yanavyoyala. Yapige picha, fundi aige mikwaruzo hiyohiyo. Fonti nyingi chakavu za kompyuta hurudia doa lilelile katika kila "a", na jicho hulibaini upesi. Bei ziandikwe kwa herufi safi. 8 iliyochakaa huweza kusomeka 3. Kagua pia kibainishi: kile cha jina kama Ochieng' kisipotee katikati ya madoa.