Toni, Maandishi na Ujumbe wa Sauti: Kimakonde katika Simu za Mtwara

Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kilichochaguliwa mwaka 1928, hakina toni; Kimakonde kinazo. Tofauti hiyo yaeleza mengi kuhusu matumizi ya simu baina ya Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma. Google ilipoingiza Kiswahili katika uandishi kwa sauti mwaka 2017, karani wa Mtwara Mjini aliweza kusema, simu ikaandika. Kimakonde hakikuhusishwa. Toni zake, zilizochambuliwa na Kraal (2005) kwa lahaja ya Chinnima, hutofautisha maumbo ya vitenzi, lakini hazionekani katika herufi za kawaida. Msomaji hubaki kukisia kwa muktadha. Ujumbe wa sauti, ulioanzishwa na WhatsApp mwaka 2013, hauna kasoro hiyo. Bibi asiyejua kuandika husikiwa na mjukuu aliye Palma, ambako lugha ya ofisi ni Kireno, toni zote zikiwa mahali pake.

Kwa hiyo dai kwamba simu inaua lugha za jamii (dai linalorudiwa mno semina baada ya semina) linachanganya mambo mawili. Kinachobagua ni maandishi, pamoja na mashine inayosikiliza. Sauti itokayo kwa mtu kwenda kwa mtu haibagui. Hata hivyo, simu ikijaa jumbe hizo hufutwa, na ndizo zenye usemi uleule ambao mashine ingeuhitaji ili ijifunze.