KUPIMA MTI MKUBWA NA KUPATANA BEI YA KUUKATA

Mti mkubwa uliosimama karibu na shule au kando ya soko ni neema wakati wa jua. Walakini ukioza moyo wake, au ukianza kuinamia paa, huwa hatari kwa watoto. Hapo ndipo wazee hukutana barazani na kumwita mkata miti. Naye akitaja bei yake, wazee huguna. Husema, “Mwaka juzi ulitukatia mti ambao unene wake ulikuwa nusu ya huu, basi tutakulipa mara mbili ya bei ile, wala hatuzidishi.” Maneno hayo yaonekana kuwa ya haki, lakini hesabu yake si sawa, na yafaa kila mwalimu aweze kuonyesha sababu.

Kwanza zungusha kamba katika shina, usawa wa kifua, upate mzingo wake. Mzingo huo uuzidishe kwa 7, kisha ugawanye kwa 22: utapata upana wa shina toka gome hata gome. Mti wenye mzingo wa futi 11 una upana wa futi 3 na nusu; wenye mzingo wa futi 22 una upana wa futi 7. Sasa fikiri msumeno ukipita kati ya shina. Katika mti wa kwanza uso wa mkato ni karibu futi 10 za mraba. Katika mti wa pili ni futi 38 na nusu. Unene ni mara mbili, lakini kazi ya msumeno ni mara nne. Na kama mti ni mrefu mara mbili pia, uzito wake ni mara nane.

Na uzito ndio ugumu wenyewe. Mti mbichi una maji mengi, na miti mingi ikiwa mibichi hukaribia uzito wa maji, yaani kama ratli 60 kwa kila futi moja ya ujazo. Basi kipande cha shina la futi 7 kwa upana, chenye urefu wa futi moja tu, chapita tani moja! Hapana kamba ya katani ya kufungia ng’ombe iwezayo kukiteremsha kipande hicho juu ya nyumba.

Urefu nao hupimwa kwa fimbo. Nyosha mkono mbele, ushike fimbo wima, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na urefu toka jicho hata ngumi. Rudi nyuma katika uwanja ulio sawa, hata ncha ya fimbo ilingane na kilele, na ngumi ilingane na mguu wa mti. Hatua toka hapo hata shina ndizo urefu wa mti. Katika mlima Kilimanjaro uko mti ambao habari zake zilitolewa mwaka 2016, urefu wake mita 81 na nusu, yaani futi 267. Lakini hata mti wa futi 90 wataka watu na wanyama wakae mbali futi 180 pande zote siku ya kuangushwa.

Kama uko uwanja wa kutosha, mti huangushwa mzima, na kazi ni nyepesi. Kama hapana, fundi hana budi kupanda, akate tawi baada ya tawi na kuyateremsha kwa kamba na kapi. Siku zaweza kuzidi mara nyingi kwa sababu hiyo moja tu.

Watu wengi hudhani mti uliooza ni rahisi, kwa kuwa mti wake ni laini. Sivyo. Piga shina kwa mgongo wa shoka. Likilia kama ngoma, ndani ni tupu. Fundi huuongoza mti kwa kuacha ukanda wa mti usiokatwa kati ya mikato miwili, nao hufanya kazi ya bawaba. Shina tupu halina bawaba ya kuaminika, nalo huanguka lipendako. Wala haifai mtu kulipanda. Kwa hiyo anayedai zaidi kwa mti mbovu aghalabu ni fundi anayejua kazi. Mimi ningemwogopa yule anayepunguza.

Basi bei ihesabiwe kwa siku. Tuseme fundi na wasaidizi 5 watafanya kazi siku 8: hizo ni siku 8 za fundi na siku 40 za wasaidizi. Ongeza kamba, misumeno na gari. Kisha ondoa thamani ya mbao, kama ziko. Mvule una mbao bora, ingawa pengine huficha jiwe ndani linalovunja meno ya msumeno, na unga wake huwasha ngozi na kifua. Mbuyu hauna mbao. Ukiisha kuanguka ni mzigo mtupu.

Kabla ya shoka la kwanza, ruhusa ya misitu ipatikane, na wazee wa ukoo waulizwe kama yako makaburi chini. Mapatano yaandikwe nakala mbili mbele ya mashahidi: magogo ni ya nani, nani atalipa paa likivunjika, na je, kisiki kitang’olewa? Ugomvi mwingi hutoka katika neno hilo la mwisho, kwa maana kuchimba kisiki cha futi 7 kwaweza kuchukua siku nyingi kuliko kuangusha mti wenyewe. Fedha zitolewe kwa mafungu: la kwanza siku ya kuanza, la pili matawi yakiisha kushuka, na la mwisho uwanja ukiwa mweupe na shimo limefukiwa.