Farasi, Punda au Nyumbu? Somo la Mbung'o kutoka Minecraft hadi Handeni

Wanachuo wenzangu mnaocheza Minecraft mnaujua ule ubishi wa bwenini: ukianza dunia mpya, umfuge nani kwanza? Wengi wanajibu farasi bila hata kufikiri. Unampanda, anakurusha, unampanda tena, anakurusha tena, mpaka mioyo midogo itokee juu yake. Hapo amekubali, unamtia tandiko mnaondoka, na wewe juu unajiona sultani.

Tatizo ni kwamba farasi habebi mzigo. Tena farasi hutofautiana: mmoja ana mbio kweli, mwingine hata punda anamshinda. Punda kasi yake ni ya wastani siku zote, ila anakubali kufungwa sanduku lenye nafasi 15, na kwa mtu anayetoka mgodini mifuko imejaa chuma, nafasi hizo ni mali. Ukizalisha farasi na punda unapata nyumbu. Naye anabeba sanduku, lakini hazai. (Kiswahili kinatuchezea hapa: nyumbu huyu siye yule wa Serengeti, ingawa jina ni moja. Wengine humwita baghala, na ubishi unaisha.)

Kwa hiyo gemu linakuzoeza kuuliza mambo mawili: anakimbia kiasi gani, na anabeba kiasi gani. La tatu halimo kabisa, na hilo ndilo lililoamua mambo huku kwetu Handeni na Korogwe: je, mnyama huyu ataishi hapa?

Anayejibu swali hilo ni mbung'o. Akinyonya damu anaacha kijidudu kiitwacho tripanosoma, na mnyama anapata nagana. Anakonda, damu inapungua, manyoya yanasimama, anakufa. David Bruce alikitambua kijidudu hicho Zululand mwaka 1895, lakini wafugaji walijua zamani sana kwamba kuna pori ambalo ng'ombe hapitishwi. Farasi ndiye dhaifu kuliko wote. Punda huvumilia zaidi, ingawa naye haponi kila mara.

Ndiyo maana misafara iliyotoka Pangani kwenda bara ilitembea kwa miguu ya watu. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kichwani au begani, siku baada ya siku. Tunapofundishwa historia ya misafara tunasikia sana habari za pembe na vitambaa, ila ni mara chache mwalimu anauliza kwa nini hakukuwa na mnyama.

Wageni walijaribu. Wamisionari walileta magari ya kukokotwa na maksai kwenye njia ya Saadani hadi Mpwapwa, na mwaka 1877 maksai wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani. Aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ni mmoja tu. Wajerumani nao wakamtazama punda milia, na hesabu yao haikuwa ya kijinga: anaishi katikati ya mbung'o na nagana haimwangushi. Lakini ana hofu, anauma, na hakubali kazi. Kweli, Walter Rothschild aliwahi kuwafunga punda milia kwenye gari lake London. Ila kumzoesha mnyama mmoja mmoja ni jambo moja, na kufuga aina nzima, kizazi hadi kizazi, ni jambo lingine. Gemu linayachanganya mawili haya, na hapo mwalimu wa baiolojia ana kipindi kizima cha kufundisha.

Mnyama aliyefaa kweli alikuwa wa chuma: reli ya Usambara ilifika Korogwe mwaka 1902. Nje ya reli, shida ilibaki ile ile. Juni 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliteremka bonde la Mto Pangani likatwaa Korogwe, kisha Handeni. Katika vita ile farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu, na walipokwisha, mzigo ukarudi kwenye vichwa vya watu. Wapagazi waliokufa kwa njaa, homa na kuhara ni makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Mbung'o si kwamba hashindiki. Unguja alimalizwa kufikia 1997, kwa kumwaga kwa ndege madume yaliyofanywa tasa, na madume hayo yalizalishwa hapa hapa mkoani kwetu, katika taasisi ya utafiti iliyopo Tanga. Kisiwa kina mpaka wa bahari, bara halina. Ndiyo maana kazi ile haikuweza kuhamishiwa Handeni hivi hivi.

Kwa wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, jaribuni hili, hata shule isiyo na kompyuta. Wape wanafunzi karatasi: mzigo wa gunia kumi, kutoka Korogwe hadi Handeni, mwaka 1900. Kila kundi lichague farasi, punda, nyumbu, maksai au wapagazi, na liandike sababu. Usiwaambie habari ya mbung'o. Waache wapange safari hadi mwisho, wabishane, wacheke. Kisha mwambie kundi la farasi kwamba wanyama wao wote wamekufa njiani na mzigo uko porini, uwaulize nani sasa ataubeba.