Mbabula Katika Kambi ya Vijana

Somo kwa wazazi na viongozi wa vijana. Tusome kwanza Kumbukumbu la Torati 22:8.

Hapo Mungu aliamuru kila ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na kufa. Basi kiongozi anayechukua watoto wa wengine kambini, naye ana ukingo wa kujenga, ndio ule wa kuzunguka moto.

MCHANA. Weka mbabula nje, mahali pa sawasawa, mbali na hema na majani makavu. Chora mduara chini, hatua tatu kutoka motoni. Ndani yake waingie wapishi tu, pamoja na mtu mzima asiyeondoka. Usimwage petroli wala esansi juu ya makala, maana moto huruka. Ndoo ya maji iwe karibu.

Mtu akiungua, mwagilia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala matope. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali.

USIKU. Katika milima ya Kivu baridi ni kali, na vijana hutamani kuingiza mbabula mahali wanapolala. Husema, "Makala yamekuwa mekundu, hakuna moshi tena." Hapo ndipo kifo hujificha. Makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hushika nafasi ya hewa njema katika damu. Kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu, hutapika, miguu hulegea. Lakini aliye usingizini hasikii lolote; aweza kufa bila kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Asubuhi watu wakikuta maiti zisizo na kidonda, wengine humshitaki jirani kwa uchawi. Hivyo mbabula huua mara ya kwanza, na uongo huumiza asiye na kosa.

Ukikuta walioshikwa na hewa hiyo, fungua mlango, watoe nje upesi, usikawie ndani. Wapeleke wote hospitali, hata anayesema, "Nimepona."

Kabla ya sala ya jioni, kiongozi mwenyewe azime makala kwa maji, kisha ahesabu mablanketi. Anayekosa blanketi alale karibu na mwenzake.

MAULIZO
1. Kwa nini makala yasiyo na moshi ni ya hatari?
2. Mtu akiungua, tufanye nini kwanza?
3. Katika kambi yenu, nani atazima makala?