MKAA HAUNA MOSHI, LAKINI UNAUA



Mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali huko Njombe, Makete na Lushoto. Watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Hiyo ni hatari kubwa.

Mtauliza, "Hatari gani? Mkaa ukishakolea hauna moshi." Kweli, moshi hauonekani. Lakini mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi iitwayo oksijeni. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Huko Uingereza watu wengi huweka nyumbani chombo kidogo kinacholia sumu hii ikizidi. Sisi wengi wetu hatuna chombo hicho. Basi tuzijue dalili.

DALILI
Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito.

NI MALARIA AU NI MKAA?
Dalili zinafanana. Tujiulize:
1. Je, walio chumbani wameanza kuumwa pamoja?
2. Je, wanaumwa bila mwili kuwa wa moto?
3. Je, wakitoka nje wanapata nafuu?

Hata jibu moja likiwa ndiyo, na jiko limo ndani, tokeni nje kwanza. Kupima malaria kutafuata.

TUFANYE NINI?
1. Fungua mlango na madirisha. Mtoe mgonjwa nje upesi. Usikae ndani, nawe utalegea.
2. Aliyezimia msimnyweshe kitu chochote, hata maziwa.
3. Mpelekeni zahanati au hospitali, hata akipata nafuu. Mwambieni mganga kwamba jiko lilikuwa ndani.

TUSIDANGANYIKE
Wengine huweka ndoo ya maji chumbani ili "ivute sumu". Maji hayavuti sumu hii. Wengine hufunika mkaa kwa majivu. Mkaa uliofunikwa bado hutoa sumu. Dirisha dogo nalo halitoshi. Tuote moto nje, au jikoni penye hewa ya kutosha. Wakati wa kulala, jiko libaki nje, sisi tujifunike mablanketi.

MASWALI
1. Kwa nini hatuwezi kuiona sumu ya mkaa?
2. Taja dalili tatu za sumu hii.
3. Jirani yako analala na jiko ndani. Utamwambia nini? Zungumzeni katika kikundi chenu.