JARIBUNI DAWA YA WADUDU KWANZA KATIKA SEHEMU NDOGO

Enyi wakulima wa mpunga wa mabonde ya Bunia, na ninyi mnaouza mchele kwa wachimbaji dhahabu wa Kilo na Mongbwalu, sikilizeni somo hili.

Mtu akiona mpunga wake umepatwa na wadudu, hukimbilia dukani, hununua dawa, huimwaga shambani mwote. Siku ya kuvuna hajui kama dawa imemfaa ama imemdhuru. Sisi tutaijua kwa kuijaribu.

1. Mjueni adui. Vuta jani changa la katikati lililokauka. Likitoka upesi, bua limeliwa ndani. Huyo ni funza wa nondo, ama mtoto wa yule nzi ambaye macho yake yako juu ya vijiti viwili. Lakini mpunga mchanga huchipua tena. Mabua machache yakikauka mapema, msinunue dawa.

2. Someni karatasi ya dawa. Isipotaja mpunga wa maji, msiitumie.

3. Gaweni viwanja. Chagueni mahali penye mbegu moja, iliyopandwa siku moja. Pimeni viwanja 8, kila kimoja hatua 6 kwa 6. Kila kiwanja kiwe na tuta imara pande zote na mlango wake wa maji kutoka mferejini. Maji ya kiwanja kimoja yasiingie katika kingine, kwa maana dawa hutembea na maji. Pigeni kura: 4 vipate dawa, 4 visipate.

4. Hesabuni. Kabla ya dawa, tazameni mashina 20 katika kila kiwanja. Andikeni majani makavu, andikeni na buibui. Hesabuni tena baada ya siku 7, na siku 14.

5. Vuneni na kupima kila kiwanja peke yake. Tuseme vyenye dawa vimetoa jumla ya kilo 33, visivyo na dawa kilo 30. Faida ni kilo 3. Ikiwa bei ya dawa ni sawa na kilo 5 za mpunga, mkulima amepoteza kilo 2, ijapokuwa wadudu wamekufa.

Mtauliza: Kwa nini kuhesabu buibui? Buibui ni mlinzi wa shamba asiyetaka mshahara. Huko Indonesia wakulima walitia dawa nyingi, zikaua buibui na wadudu wengine wema. Basi mdudu mdogo wa rangi ya kahawia anyonyaye mabua akaongezeka sana, kwa sababu mayai yake hufichwa ndani ya mmea, dawa isiyafikie. Mwaka 1986 serikali ya nchi ile ilikataza dawa 57 zisitiwe katika mpunga.

Tena, katika miaka ya 1960, wataalamu wa chuo cha mpunga cha IRRI, nchi ya Ufilipino, walitia chembe za dawa iitwayo lindane katika maji ya mpunga, na funza wa mabua wakafa. Lakini lindane hukaa siku nyingi katika udongo, na hukusanyika katika mafuta ya samaki na ya watu. Mwaka 2009 iliandikwa katika Mapatano ya Stockholm, pamoja na sumu zinazopaswa kukomeshwa. Ya kwamba dawa yaua funza si ushahidi kwamba ni njema.

Fikirini juu ya maji. Maji ya shamba lako hushuka mtoni. Huko chini mama anateka, mtoto anavua samaki, mchimbaji anasimama majini akiosha mchanga wa dhahabu. Kwa hiyo, mkiisha kutia dawa, zibeni milango ya maji siku zote zilizoandikwa katika karatasi. Msile samaki wala ndege waliokufa shambani. Vaeni nguo za kufunika mwili, nawene kwa sabuni, na chupa ya dawa isitiwe maji wala mafuta kamwe.

Maswali:
1. Kwa nini kila kiwanja kina tuta lake?
2. Kwa nini tunaacha viwanja 4 bila dawa?
3. Nani hutumia maji yanayotoka katika shamba lako?

Asiyeweza kujibu swali la tatu, asifungue chupa.